Shule Zilizowaamsha Wachungaji wa Marekani

Hivi karibuni nilisikiliza kipindi cha dini redioni ambamo mhubiri mmoja, aliyewahi kusomea Marekani, aliwasimulia wasikilizaji jinsi Wakristo wa nchi ile walivyoingia katika siasa. Kwa maelezo yake, Mahakama ya Juu iliruhusu utoaji mimba mwaka 1973, waumini wakashtuka, wakapiga magoti, kisha wakainuka na kumchagua Ronald Reagan ili airudishe nchi kwa Mungu. Mtangazaji aliitikia "amina," na waliopiga simu wakauliza ni lini sisi nasi tutaamka. Nilikasirika, na hasira hiyo haijanitoka, kwa sababu simulizi hii inaletwa kwetu katika makongamano, vitabu na mahubiri ya kurekodiwa kana kwamba ni historia iliyothibitishwa, ilhali ukichunguza miaka na matukio yake utaona kwamba mambo hayakwenda hivyo.

Tuanze na huo mwaka 1973. Hukumu ya kesi ya Roe dhidi ya Wade ilitolewa tarehe 22 Januari. Waliosimama kuipinga tangu siku ya kwanza walikuwa hasa maaskofu wa Kanisa Katoliki, na uthabiti wao unastahili heshima hata kwa msomaji asiyekubaliana nao. Wabaptisti wa Kusini, ambao ndio dhehebu kubwa kuliko yote ya Kiprotestanti nchini humo, walikuwa mahali pengine kabisa. Katika mkutano wao wa St. Louis mwaka 1971 walipitisha azimio la kuwahimiza waumini wao wapiganie sheria ambayo ingeruhusu mimba kutolewa pale mwanamke alipobakwa, pale palipotokea zinaa ya maharimu, pale mtoto alipoonekana kuwa na ulemavu mkubwa tumboni, au pale afya ya mama, ya mwili au ya akili, ilipokuwa hatarini. Hukumu ilipotoka, hawakuliacha azimio lao. Walilithibitisha tena mwaka 1974. W. A. Criswell, mchungaji wa kanisa la First Baptist la Dallas na mmoja wa wahubiri wahafidhina waliosikilizwa sana Kusini, alisema kwamba siku zote alikuwa ameona kuwa mtoto huwa mtu kamili anapozaliwa na kuwa na uhai wake mbali na mama. Reagan mwenyewe, akiwa gavana wa California, alitia saini mwaka 1967 sheria iliyolegeza masharti ya utoaji mimba katika jimbo lile. Jerry Falwell, mchungaji ambaye jina lake ndilo linalotajwa kwanza kila harakati hii inapozungumzwa, alihubiri juu ya utoaji mimba kwa mara ya kwanza mwaka 1978. Mtu anayeamini kwamba watoto wanauawa nchini kwake hakai kimya kwa miaka mitano.

Kilichowasumbua wachungaji wa Kusini katika miaka hiyo kilikuwa shule. Mahakama ya Juu ilikwisha kuamua mwaka 1954 kwamba kuwatenga wanafunzi weusi na weupe katika shule za umma ni kuvunja katiba, lakini majimbo ya Kusini yaliukwepa uamuzi huo kwa zaidi ya miaka kumi. Ilipofika mahali hapakuwa tena na pa kukwepea, wazazi wa Kizungu waliwaondoa watoto wao na kuwapeleka katika shule binafsi zilizofunguliwa kwa haraka, nyingi zikiwa chini ya makanisa. Katika kaunti ya Holmes, jimbo la Mississippi, wanafunzi weupe katika shule za umma walipungua kutoka 771 hadi 28 katika mwaka wa kwanza wa kuchanganya wanafunzi, na mwaka uliofuata hakubaki hata mmoja.

Shule hizo mpya zilihesabiwa kuwa taasisi za hisani. Hazikulipa kodi, na kila aliyezichangia alipunguziwa kodi yake, maana yake ni kwamba mzazi mweusi wa Holmes, ambaye mwanawe asingeruhusiwa kuketi katika madarasa yale, alikuwa akizisaidia kupitia hazina ya taifa lake. Wazazi weusi wa kaunti hiyo wakaenda mahakamani. Mwaka 1971, katika kesi ya Green dhidi ya Connally, mahakama ya shirikisho mjini Washington iliamua kwamba shule inayobagua kwa rangi haiwezi kuitwa taasisi ya hisani na haistahili msamaha wa kodi. Ndugu msomaji, kama unatafuta tukio lililoitia moto siasa ya walokole wa Marekani, litafute hapa, katika madai ya wazazi ambao majina yao hayatajwi katika makongamano yetu.

Msamaha huo wa kodi ulipoondolewa, wachungaji waliguswa moja kwa moja. Chuo Kikuu cha Bob Jones, kilichopo Greenville, South Carolina, hakikupokea wanafunzi weusi hadi mwaka 1971, na hata hapo kilianza kwa kuwakubali wenye ndoa tu, kwa hofu ya mapenzi kati ya weusi na weupe. Mwaka 1975 kiliwafungulia mlango wasio na ndoa, lakini kikapiga marufuku uchumba wa watu wa rangi tofauti na kusema kwamba hayo ni maagizo ya Biblia. Tarehe 19 Januari 1976 Mamlaka ya Mapato ikakiondolea msamaha wa kodi. Rais siku hiyo alikuwa Gerald Ford, wa chama cha Republican, na sera yenyewe ilianza wakati wa Richard Nixon, wa chama hicho hicho. Hata hivyo, aliyebebeshwa lawama ni Jimmy Carter, Mbaptisti wa Georgia aliyefundisha darasa la Jumapili kanisani kwake, ambaye wakati huo hata hakuwa amechaguliwa kuwa rais.

Falwell naye alikuwa na shule. Mnamo Machi 1965, wakati Martin Luther King akiongoza maandamano ya Selma, Falwell aliwahubiria waumini wake mjini Lynchburg, Virginia, kwamba wachungaji wameitwa kuwa wavuvi wa roho, hawakuitwa kuwa wanasiasa. Miaka miwili baadaye alifungua shule ambayo gazeti la mji ule liliitangaza kuwa shule binafsi ya wanafunzi weupe. Mwaka 1979 mchungaji huyo huyo aliunda Moral Majority, chombo cha siasa kilichoandikisha wapiga kura kutoka viti vya kanisa. Naomba anayemsifu Falwell aeleze ni andiko gani lililokataza siasa mwaka 1965, wakati weusi walipodai haki ya kupiga kura, kisha likairuhusu mwaka 1979.

Ushahidi mzito zaidi unatoka ndani ya harakati yenyewe. Paul Weyrich, mmoja wa waasisi wa Heritage Foundation, taasisi ya sera ya wahafidhina, mwaka 1973 na mtu aliyemsukuma Falwell kuunda Moral Majority, alieleza baadaye kwamba kwa miaka mingi alijaribu kuwaamsha wachungaji kwa kutumia ponografia, sala shuleni, haki za wanawake na utoaji mimba, bila mafanikio. Waliamka serikali ilipozigusa shule zao. Mwaka 1978 Mamlaka ya Mapato ilipendekeza kanuni za kuzitaka shule binafsi zilizoanzishwa au kupanuka wakati wa kuchanganya wanafunzi zithibitishe kwamba hazibagui. Ikapokea zaidi ya barua 100,000 za kupinga, na mwaka uliofuata Kongresi ikaizuia kuzitekeleza. Viongozi walioona nguvu ya barua zile walijua pia kwamba hakuna mgombea anayeweza kusimama hadharani na kutetea haki ya shule kuwakataa watoto weusi huku ikisamehewa kodi. Utoaji mimba ulifaa kuwekwa mbele, na mbele ukawekwa.

Nikiri, ingawa kwa shingo upande, kwamba shule peke yake zisingemwingiza Reagan Ikulu. Mfumuko wa bei ulizidi asilimia 13 mwaka 1980, na mfanyakazi aliyeona mshahara wake ukiyeyuka hakuhitaji mchungaji ili amchoke Carter. Wapiga kura wa California walikuwa wamekwisha kupunguza kodi za nyumba zao kwa kura ya Juni 1978. Phyllis Schlafly, mama wa watoto sita kutoka Illinois, alikuwa ameyazuia marekebisho ya katiba kuhusu usawa wa wanawake kwa kuwapanga akina mama jimbo kwa jimbo, na uwezo wake wa kupanga watu haukanushiki. Richard Viguerie alianza na majina ya waliomchangia Barry Goldwater, mgombea urais wa Republican aliyeshindwa vibaya mwaka 1964, akajenga hazina ya anwani iliyokusanya fedha kwa barua kwa miaka mingi. Yote hayo yana uzito wake, lakini hakuna anayeniletea Schlafly au kodi ya nyumba kama ufunuo wa Roho Mtakatifu.

Reagan alielewa ni mlango upi umefunguka. Tarehe 3 Agosti 1980 alihutubia maonyesho ya kaunti ya Neshoba, Mississippi, jirani na mahali walipouawa vijana watatu watetezi wa haki za kiraia mwaka 1964, akatangaza kwamba anaamini katika haki za majimbo, yaani kila jimbo kujiamulia mambo yake bila kuingiliwa na serikali kuu, kauli ambayo kila mtu wa Kusini aliijua kama ngao ya zamani ya watengaji. Mwezi huo huo, mbele ya maelfu ya wachungaji na waumini mjini Dallas, aliwaambia kwamba anajua hawawezi kumuidhinisha, lakini yeye anawaidhinisha. Novemba alishinda majimbo 44. Januari 1982 serikali yake ilijaribu kukirudishia Chuo cha Bob Jones msamaha wa kodi, na mwaka 1983 Mahakama ya Juu ikaukataa msimamo huo kwa majaji 8 dhidi ya 1. Jaji huyo mmoja, William Rehnquist, aliteuliwa na Reagan kuwa Jaji Mkuu mwaka 1986.

Sisi tuliokulia Morogoro tuna sababu ya pekee ya kutoyachukulia haya kama mambo ya mbali. Tuliwajua vijana wa Afrika Kusini waliosoma Mazimbu, katika shule ya ANC iliyopewa jina la Solomon Mahlangu; walikuwa wamewaacha wazazi wasiojua kama watawaona tena. Mwaka 1985 Falwell alitembelea Afrika Kusini, akarudi akiwahimiza Wakristo wa Marekani wanunue sarafu za dhahabu za utawala ule, na akamwita Askofu Desmond Tutu mtu wa uongo. Mwaka uliofuata Reagan alipinga kwa kura ya turufu sheria ya vikwazo dhidi ya makaburu. Seneti, iliyokuwa mikononi mwa chama chake mwenyewe, ilimshinda kwa kura 78 dhidi ya 21, na maseneta wa Republican waliompinga, wakiongozwa na Richard Lugar wa Indiana, nawapa haki yao yote.

Najua pia kwamba kuanzia mwaka 1980, Wabaptisti wa Kusini walipogeuza msimamo wao, mamilioni ya waumini wa kawaida waliichukia mimba kutolewa kwa moyo mweupe kabisa, na wengi wao hawajawahi kuisikia Holmes. Siwashtaki hao. Nawashtaki waliojua.

Na waliojua walifika hadi kwetu. Mwaka 1984, katika mkutano wa idadi ya watu mjini Mexico City, serikali ya Reagan ilitangaza kwamba shirika lolote la nje linalotoa mimba au kuihimiza, hata kwa fedha zake lenyewe, halitapata msaada wa Marekani wa uzazi wa mpango. Bill Clinton aliifuta sera hiyo mwaka 1993, George W. Bush akairejesha mwaka 2001, na nchini Kenya kliniki zilizokuwa zikiitegemea fedha hiyo zilifungwa, zikiwemo zilizowahudumia wajawazito na watoto wachanga.