Testosteroni Ikipungua: Mazoezi au Sindano?

Mwanaume akianza kuchoka bila sababu, na hamu ya tendo la ndoa ikafifia, hupewa ushauri wa namna mbili unaopingana. Wapo wanaomtaka apunguze mwili, alale vya kutosha na afanye mazoezi. Wapo pia wanaomhimiza achomwe sindano za testosteroni, homoni kuu ya kiume, mambo yaishe. Kila upande una hoja, ila naona kosa kubwa ni kuchagua kabla ya kujua tatizo liko wapi.

Kwanza ithibitishwe kwamba homoni imepungua kweli. Testosteroni huwa juu asubuhi na kushuka kadiri siku inavyosonga, kwa hiyo mtu aliyetolewa damu saa kumi jioni, ameshiba na jana yake hakulala, anaweza kupewa namba ya kutisha ilhali hana ugonjwa wowote. Vinahitajika vipimo viwili vya asubuhi, vya siku tofauti, na namba isomwe pamoja na dalili.

Wanaotetea mtindo wa maisha wana ushahidi wa kutosha. Mafuta ya mwilini yana kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni, homoni ya kike, na katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2011, vijana 10 wenye afya njema waliolala kwa muda wa saa 5 tu kila usiku kwa wiki moja walishuka testosteroni ya mchana kwa asilimia 10 hadi 15. Lakini aliyezaliwa na kromosomu X ya ziada, mwenye uvimbe kwenye pituitari (tezi ndogo iliyo chini ya ubongo), au ambaye korodani zake zimeharibiwa na dawa za saratani, hawezi kuirudisha homoni hiyo kwa kukimbia. Kumwambia huyo ajitahidi zaidi ni kumwonea.

Dawa nayo ina uzito wake. Nchini Australia, utafiti wa mwaka 2021 ulifuatilia wanaume 1,007 wanene waliokuwa wakinyemelewa na kisukari au waliogundulika nacho karibuni, wote wakiwa kwenye mpango wa kupunguza uzito. Baada ya miaka 2, waliokuwa na kisukari miongoni mwa waliochomwa testosteroni walikuwa asilimia 12, na miongoni mwa waliochomwa sindano isiyo na dawa asilimia 21. Hata hivyo, takriban mmoja kati ya watano waliopata dawa alizidisha chembe nyekundu, damu ikawa nzito. Utafiti mwingine wa mwaka 2023, wenye wanaume zaidi ya 5,000, haukuona ongezeko la mshtuko wa moyo wala kiharusi, ila mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na damu kuganda mapafuni vilionekana zaidi kwa waliotumia dawa.

Linaloniumiza zaidi ni suala la uzazi. Ubongo ukikuta testosteroni imejaa kwenye damu, pituitari huacha kutuma homoni za kuziamsha korodani. Korodani husinyaa, na mbegu za kiume zinaweza kupungua hadi zisionekane kabisa. Ukiacha sindano, kurejea kwa mbegu huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Vijana wengi hulijua hili wakiwa tayari wanatafuta mtoto, ilhali swali moja la daktari kabla ya sindano ya kwanza, "Unatarajia kuzaa?", lingetosha kuwaelekeza kwenye dawa kama klomifeni, ambazo huzisukuma korodani zenyewe zifanye kazi.