Mzoga wa nge ulikuwa na kazi yake

Watengenezaji wa Dungeon Crawl Stone Soup hawaogopi kuondoa kitu, na kwa hilo nawaheshimu. Gemu hii ya bure ya kompyuta, ambamo unashuka shimoni ghorofa kwa ghorofa ukipambana na viumbe, iliyozaliwa na kazi ya Linley Henzell mwaka 1997 na kulelewa na watu wa kujitolea tangu 2006, imepogolewa mara nyingi. Mwaka 2021, katika toleo la 0.26, mfumo mzima wa chakula uliondoka, na sikuona hasara. Lakini kuna uganga mmoja uliotangulia kuondolewa ambao naudai hadi leo: Fulsome Distillation.

Ulikuwa uganga wa ngazi ya kwanza kabisa. Unaua kiumbe, unasimama juu ya mzoga wake, unatamka, na mzoga unageuka dawa mbaya. Dawa hiyo haikuwa ya kunywa. Ilimsubiri mwenzake, uganga uitwao Evaporate: unairusha kwa adui, nayo inafumuka kuwa wingu. Katika gemu ambayo ukifa unaanza upya tangu ghorofa ya kwanza, mchawi mchanga asiye na ngao wala misuli alipata silaha ya kufunga ujia mwembamba kwa sumu na kurudi nyuma.

Uzuri wake hasa ulikuwa kwenye mzoga wenyewe. Enzi hizo ulilazimika kula ili uishi, nao mzoga ulikuwa nyama; mwenye uganga wa wafu aliutaka pia ili auinue umpiganie. Nge, kwa mfano, hakuwa chakula: ana sumu. Hapo ndipo Fulsome Distillation ilipoingia. Kile kilichokuwa hatari kwako akiwa hai, na kisicholika akishakufa, ndicho ulichokikamua. Nge alikutisha, ukamuua, sumu yake ikawa mali yako. Sijui gemu nyingi zinazofanya ushindi mdogo namna hiyo uwe na maana kubwa kiasi hicho.

Hoja dhidi yake naielewa. Mwongozo wa gemu unasema wazi kwamba wanataka maamuzi yenye uzito na hawataki kazi za kuchosha zinazorudiwa tu. Na kweli, mchezaji makini alizunguka kutoka mzoga hadi mzoga, akijaza begi. Lakini kinachochosha hapo ni kulimbikiza. Mizoga ilikuwa ikioza tayari. Dawa iliyokamuliwa nayo ingeweza kuharibika baada ya muda mfupi, au mchawi akaruhusiwa kubeba chache tu. Hapo swali la mzoga upi ukamuliwe lingekuwa uamuzi mzito kweli, uleule wanaoutaka.

Leo, tangu toleo la 0.31, matawi ya uganga ya sumu na ya kugeuza maumbo yameunganishwa kuwa moja, Alchemy. Jina la zamani nalo limerithiwa kidogo na Fulsome Fusillade, uganga wa mvua ya kemikali zinazolipuka. Nimeutumia na ninaupenda, ila uko ngazi ya nane. Anayeufikia ni mtu aliyekwisha kuwa na nguvu, na kemikali zake hazitoki kwa yeyote aliyemuua.

Ninachoomba ni kidogo: uganga wa ngazi ya chini katika Alchemy, unaokamua kiumbe chenye sumu kikianguka, dawa moja kwa wakati mmoja, itumike kabla ya kushuka ghorofa inayofuata. Mchawi mchanga ndiye anayeuhitaji, wala si yule wa ngazi ya nane.