Lakiri ya Chuma na Mabomu ya Fordow

Jioni ya tarehe 14 Juni 2025 nilikuwa kwenye foleni ya mafuta Barabara ya Ngong, saa chache kabla bei mpya ya mwezi kuanza kutumika. Israeli ilikuwa imeanza kuishambulia Iran siku moja kabla. Mwanabodaboda aliyekuwa mbele yangu, tangi lake tayari wazi, akageuka: “Mzee, kwani hawa hawawezi kuketi chini wakaongea?” Foleni ikasogea kabla sijamjibu.

Waliketi. Julai 2015, mjini Vienna, Iran iliyaahidi mataifa makubwa sita kwamba haitarutubisha urani, yaani kuongeza ndani yake ile sehemu inayotoa nishati ya nyuklia, kupita asilimia 3.67, haitaweka akiba ya zaidi ya kilo 300, na itawafungulia milango wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki. Nayo ingeondolewa vikwazo. Wakaguzi wakaripoti mara kwa mara kwamba inatimiza. Mei 2018 Donald Trump akaitoa Marekani, na kufikia Aprili 2021 Iran ilikuwa inarutubisha hadi asilimia 60. Bomu huhitaji takriban 90.

Wasioamini mazungumzo wana hoja nzito, na si haki kuwaita wapenda vita. Mtambo wa Natanz ulifichuliwa 2002 na Wairani wapinzani walio uhamishoni. Ule wa Fordow, uliochimbwa ndani ya mlima karibu na Qom, ulijulikana hadharani 2009. Aliyekuficha mara mbili utamwamini vipi mara ya tatu? Tena baadhi ya masharti ya Vienna yalikuwa na muda wa kwisha. Korea Kaskazini nayo ilitia saini 1994 kwamba itasitisha mpango wake wa nyuklia, na 2006 ikalipua bomu lake la kwanza la majaribio.

Lakini Iran pia ina kumbukumbu. Muammar Gaddafi wa Libya alisalimisha mpango wake wa nyuklia 2003. 2011 ndege za NATO ziliwapiga askari wake, naye akauawa na waasi. Ukraine ilikubali 1994 kuondoa silaha za nyuklia zilizokuwa katika ardhi yake, ikiahidiwa kwamba mipaka yake itaheshimiwa. Urusi ilikuwa mmoja wa walioahidi.

Nikizipima hoja hizi, naona zote zinalalamikia kuaminiana. Mkaguzi haji kuamini mtu. Hufunga kasha kwa lakiri ya chuma, yaani muhuri, ndogo kama sarafu, ambayo upande wake wa ndani umekwaruzwa na kupigwa picha mapema. Ikirudi maabara, mikwaruzo hulinganishwa na picha. Ikiwa imechezewa, itajulikana. Bomu haliwezi kazi hiyo. Yale ya Juni 2025 yalibomoa majengo, mwezi uliofuata wakaguzi wakaondoka Iran, na zaidi ya kilo 400 za urani ya asilimia 60 zikabaki bila wa kuzihesabu. Hilo linanitisha kuliko udhaifu wowote wa Vienna.

Udhaifu ulikuwepo. Makubaliano yale hayakupitishwa na Seneti ya Marekani kama mkataba, ndiyo maana rais mmoja aliweza kuyatupa. Ningeanza kurekebisha hapo.

Wanaochukiana wanaweza kuwekeana utaratibu unaodumu. Tangu 1992, kila Januari mosi, India na Pakistan hubadilishana orodha za vituo vyao vya nyuklia, kila mmoja akiwa ameahidi kutoshambulia vya mwenzake. Mwaka 1999 walipigana milimani Kargil. Januari mosi 2000, orodha zikapelekwa kama kawaida.