Hiyo shingo ya mtoto sio uchafu, acheni kuisugua

Dada yangu alikuwa anamsugua mwanae shingo kwa dodoki na limao kila Jumamosi, mtoto analia, shingo iko vilevile nyeusi, imekuwa nene kidogo na ukiigusa ni kama kitambaa cha veluti. Miaka 9, kilo 52. Na mimi mjomba mtu nilikuwa nacheka tu, namwambia we dogo huogi. Kumbe.

Siku walipoenda hospitali kwa ajili ya kikohozi daktari hata kifua hakuanza nacho, akamgeuza shingo, akamwangalia makwapani, akauliza huyu anakunywa soda ngapi kwa siku. Dada akakasirika kweli, si unajua mtu akihisi anasemwa kwenye malezi. Lakini yule daktari alikuwa sahihi. Sio kila weusi wa shingo ni huo, ila kwa mtoto mnene mara nyingi ni dalili kwamba insulini, ile homoni inayoingiza sukari kwenye seli, imezidi mwilini, yani seli zimeacha kuisikia, kongosho linazidi kuimwaga, na ikizidi inachochea ngozi ikue na kuwa nene, hapo shingoni na makwapani.

Sasa kwanini seli zinaacha kusikia? Fikiria jiko la mkaa. Kila seli ina majiko yake madogo, mitokondria, yanayochoma chakula tupate nguvu. Jiko ukilijaza mkaa kupita kiasi alafu hamna sufuria juu, yani mtoto kakaa tu na simu, moshi unajaa nyumba. Moshi wenyewe ndo wataalamu wanauita fri radikali. Kidogo sio shida, mwili una namna yake ya kuuzima, ila ukizidi uwezo wa kuuzima hapo ndo wanasema msongo wa oksidesheni. Mafuta ya tumboni nayo hayajakaa kimya, yanatoa kemikali za kuchochea uvimbe mwilini, sio wa saratani, ni ule kama wa kidonda, ini linaanza kujaa mafuta, mishipa inaharibika polepole, na ile kazi ya insulini inavurugika. Na tafiti za watoto wanene zimeona dalili za huo moshi kwenye damu hata kabla mtoto hajapata kisukari. Kwahiyo sukari ikipimwa ikaonekana iko sawa msishangilie sana.

Mimi nilichukua chupa ya soda nikasoma nyuma, sukari gramu 10 na kitu kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 ni kama vijiko 9 vya chai vya sukari. American Heart Association, chama cha moyo cha Marekani, tangu 2016 wanasema mtoto wa miaka 2 hadi 18 sukari ya kuongezwa isizidi gramu 25 kwa siku nzima, yani chupa moja tu keshapitiliza, na bado hujahesabu juisi ya boksi ya shule, biskuti, na chai ya asubuhi ambayo kwetu bila vijiko vitatu haiitwi chai.

Kinachonikera zaidi ni watu wa vidonge. Dada kaposti tu kwenye status, saa hiyohiyo mtu kaja inbox na kopo la antioksidanti, yani vidonge vya kuzima huo moshi, laki na ishirini, eti linasafisha sumu. Jamani, moshi hauzimwi kwa kupulizia pafyumu sebuleni, punguza mkaa. Hata kwa watu wazima vidonge vya namna hiyo vilijaribiwa kwenye tafiti kubwa za magonjwa ya moyo na havikuzuia kitu. Matembele, embe, maharage, ubuyu ule mweupe usio na rangi wala sukari, vyote hivyo havifiki hiyo laki.

Na msimuite bonge mbele za watu, hiyo nayo nilikuwa naifanya mimi. Mtoto hakujinunulia soda. Hakujenga nyumba yenye geti ambalo halitoki mtu, skul basi inamchukua mlangoni inamrudisha mlangoni.

Sasa hivi saa kumi na moja jioni geti linafunguliwa, anacheza mpira na watoto wa mtaani mpaka magharibi, maji ndo kinywaji, chipsi Jumamosi tu. Shingo bado ina weusi, daktari alishasema itachukua muda. Dodoki limehamia kwenye masufuria. Shida iliyobaki ni bibi, anamwekea soda kwenye kikombe cha chai na kukifunika na kisosa ili tusione.