Anthropolojia katika chuo cha jamii: ugumu hauko darasani

Mzazi wa Kiafrika aliyehamia Marekani huelewa upesi kwa nini mwanawe aanzie chuo cha jamii ili asomee uuguzi au uhasibu; mtoto huyo huyo akitaja anthropolojia, yaani taaluma inayomchunguza binadamu kwa mwili wake, mabaki yake ya kale, lugha yake na desturi zake, mzazi husita. Kusita huko kuna msingi, ila mara nyingi huelekezwa kusikostahili, kwenye ubora wa masomo yenyewe.

Vyuo hivi, ambavyo havifanani na vyuo vyetu vya maendeleo ya wananchi, hutoa shahada ndogo ya miaka miwili, na aliyeipata huweza kuhamia chuo kikuu akaingia mwaka wa tatu. Katika jimbo la California, mkazi hulipa dola 46 kwa kila yuniti, yaani kipimo cha uzito wa somo, hivyo somo la yuniti 3 humgharimu dola 138 kabla ya vitabu na tozo ndogo ndogo. (Mwanafunzi wa kigeni mwenye viza hulipa mara kadhaa ya hapo, na hesabu yake ni nyingine kabisa.)

Darasani, mwalimu ameajiriwa kwanza kufundisha. Katika somo la anthropolojia ya kibayolojia, mwanafunzi hushika kwa mikono yake nakala ya fuvu la Zinjanthropus, zamadamu wa kale, lililogunduliwa na mwanaakiolojia Mary Leakey pale Olduvai, Tanzania, mwaka 1959: huona ukingo wa mfupa uliopita katikati ya utosi, ambao misuli ya kutafunia ilijishikiza, na magego mapana kiasi cha kuyafanya ya kwake yaonekane ya mtoto. Kwa mtoto wa Mtanzania, kukutana na fuvu hilo ugenini si jambo dogo. Tena wanaoketi naye ni wahamiaji, wazazi na watu waliotoka zamu ya usiku, na mjadala kuhusu ndoa au mazishi hupata humo ushahidi wa watu walioyaishi mambo hayo.

Upande wa pili ni mzito. Vyuo vingi vina masomo ya utangulizi tu, na walimu wengi ni wa muda, wanaozunguka kati ya chuo kimoja na kingine, hivyo kumpata anayekufahamu vizuri hata akuandikie barua ya mapendekezo huwa kazi. Sheria ya California ya mwaka 2010 humhakikishia mwenye shahada maalumu ya kuhamia, yenye yuniti 60, nafasi katika mfumo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la California (CSU), wenye kampasi nyingi, lakini si lazima iwe katika kampasi anayoitaka.

Kwa maoni yangu, kuanzia huko ni uamuzi sahihi kwa mkazi, mradi amwone mshauri wa masomo tangu muhula wa kwanza. Kinachonisikitisha ni mafunzo ya uwandani. Ajira nyingi za akiolojia huhitaji shahada ya kwanza pamoja na wiki kadhaa za kuchimba chini ya usimamizi, na kwa kawaida mwanafunzi hulipia wiki hizo, wakati wa kiangazi, msimu uleule ambao mwanafunzi wa chuo cha jamii huongeza zamu ili apate kodi ya nyumba.