Mwisho wa mstari uamuliwe na mradi, si na kompyuta ya mtu

Timu ikichanganya watumiaji wa Windows na wa Linux, siku moja hili litatokea: mtu karekebisha mstari mmoja, Git, programu inayofuatilia mabadiliko ya msimbo, inadai faili lote limebadilika. Anayekagua kazi hiyo hana namna ya kujua kilichorekebishwa kweli. Kilichobadilika ni alama isiyoonekana mwishoni mwa kila mstari. Linux na macOS huweka baiti moja, namba 10 (LF). Windows huweka mbili, 13 na 10 (CRLF), urithi uliotoka CP/M, mfumo endeshi wa zamani, ukapitia MS-DOS.

Wageni huambiwa waweke `core.autocrlf`, mpangilio wa Git unaobadilisha miisho hiyo yenyewe, iwe `true` kwenye Windows na `input` kwenye Linux, basi. Ushauri huo naupinga kabisa. Mpangilio huo hukaa kwenye kompyuta ya mtu, wala hauufuati mradi. Akisahau mmoja tu, au akichagua tofauti wakati wa kusakinisha Git, usumbufu ni wa wote.

Mahali pake ni faili la `.gitattributes`, linalokomitiwa (linalohifadhiwa kwenye historia ya Git) pamoja na msimbo na lenye nguvu kuliko `core.autocrlf` ya mtu yeyote:

```
* text=auto
*.sh text eol=lf
*.bat text eol=crlf
*.png binary
```

Mstari wa pili usiuache. Skripti ikiandaliwa kwenye Windows kisha ikanakiliwa ndani ya kontena la Docker, hugoma kuwaka, na unaweza kuona kosa kama `/bin/bash^M: bad interpreter`. Utaangalia bash, programu ya kuendesha skripti hiyo, utaikuta ipo. Linux haiitafuti hiyo. Inatafuta programu ambayo jina lake linaishia na baiti 13 (ndiyo hiyo `^M`), na haipo. Nimeona watu makini wakipoteza mchana mzima hapo, na inaniuma kwa sababu mstari mmoja ungewaepushia.

Wapo wanaohofia kwamba Windows itashindwa kusoma mafaili ya LF. Hata Notepad inayasoma tangu 2018.

Kwa mradi wa zamani, subirini matawi yaliyo wazi yaunganishwe kwanza, kisha endesheni `git add --renormalize .`, inayosawazisha miisho ya mistari ya mafaili yote, na mkomiti peke yake, bila kuchanganya na kazi nyingine. Namba ya komiti hiyo iandikeni kwenye faili litakalotajwa katika mpangilio wa `blame.ignoreRevsFile`, bila hivyo `git blame`, amri inayoonyesha nani aliandika mstari gani, itamtaja aliyesafisha kuwa ndiye mwandishi wa kila mstari.