Gesi ya kiyoyozi haiishi, inavuja

Joto la Mtwara kuanzia Novemba halina mzaha. Kusi imeshalala, mvua haijakaza, na chumba cha bati kisicho na dari ya maana hakilaliki mpaka usiku wa manane. Ndiyo miezi ambayo pesa ya korosho huanza kuingia mifukoni, na ndiyo miezi ambayo viyoyozi vya bei nafuu hupakiwa kwenye bajaji kuelekea Chikongola, Magomeni na Chuno. Ikifika Machi, maneno yanabadilika: hakitoi baridi, kinadondosha maji ukutani, kinakula luku.

Hapo watu hugawanyika. Kuna wanaosema vifaa vya rahisi ni takataka na mafundi wasio na vyeti wazuiwe kabisa. Wengine wanajibu kwamba bila vifaa hivyo na bila vijana hao, ubaridi ungebaki kuwa wa hoteli na ofisi za wakubwa. Mimi nimeona pande zote mbili, tena kwa karibu, nyumbani kwa jirani yangu.

Jirani huyu anamuuguza mama yake. Alinunua kiyoyozi cha BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), cha bei aliyoimudu, akamwita kijana wa mtaani anayejulikana kwa kutengeneza friji. Nilikuwepo. Kijana alifunga mashine ya ndani, akaitundika ya nje, akaunganisha bomba za shaba na kukaza nati kwa spana ya kawaida. Kisha akafungua gesi kidogo huku amelegeza nati moja, hewa ikatoka kwa mlio, akakaza. "Tayari mama, washa." Baridi ikaja kweli, bibi akajifunika shuka, sote tukafurahi. Kazi nzima haikufika saa mbili.

Februari baridi ikapotea. Kijana akaja na chupa, akajaza gesi, akalipwa. Mei akaitwa tena, Agosti tena. Mara ya tatu nilimwomba tutikise sabuni ya unga kwenye maji tupake povu pale kwenye nati. Mapovu yakaanza kuumuka mbele ya macho yetu, madogo madogo, hayakomi.

Hapa ndipo watu wengi wanapoliwa pesa bila mtu yeyote kukusudia kuwaibia. Gesi ya kiyoyozi si kama mafuta ya pikipiki. Haichomwi wala haitumiki ikaisha. Inazunguka ndani ya bomba, inachukua joto la chumbani na kulitupa nje, miaka nenda rudi. Ikipungua, imevuja. Kumjazia mteja gesi bila kutafuta tundu ni kumwagia maji ndoo iliyotoboka. Na hasara haiishii kwenye gesi, kwa sababu mota ya kompresa, ile pampu inayosukuma gesi izunguke, hupozwa na gesi hiyohiyo. Gesi ikiwa ndogo, kompresa inachemka, na siku ikiungua umeshapoteza sehemu kubwa ya thamani ya mashine.

Ule mlio wa hewa siku ya kwanza nao una hesabu yake. Hewa ya pwani yetu imejaa unyevu. Kupuliza kwa gesi hakuutoi wote. Kinachoutoa ni pampu ya vakyumu, inayonyonya mpaka bomba libaki tupu. Unyevu ukibaki ndani, unakutana na mafuta ya kompresa na joto, inazaliwa asidi, nayo inatafuna nyaya za mota taratibu. Hakuna anayeiona, kwa hiyo lawama yote huangukia mashine: "vitu vya rahisi hivi!"

Gesi zenyewe pia zimebadilika. Fundi aliyejifunzia R22, ambayo dunia inaiondoa chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987 kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni, sasa anakutana na R410A, ambayo presha yake inazidi ya R22 kwa zaidi ya nusu, au R32, ambayo inaweza kushika moto. Mkono uliozoea kubahatisha kwenye friji ukibahatisha hapa, unaweza kuumia.

Lakini nimwache kijana asemewe na ukweli wake. Alijifunza kwa kumbebea fundi mwingine mkoba. Pampu hana, maana bei yake ni kazi nyingi za namna hii. Aliniambia kwamba akimtajia mteja bei inayojumuisha muda wa kuvuta hewa na kupima mivujo, mteja anampigia simu mwingine. Namwamini, kwa sababu hata jirani yangu alimpunja bei siku ile, nami nilisimama nikatazama. Ukimtaka fundi wa kampuni kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, nauli na malazi yake peke yake ni mzigo. Kumwambia anayeuguza mzazi asubiri mpaka amudu hayo yote ni ukatili.

Kwa hiyo siungi mkono hoja ya kuwafukuza. Mashine ya bei ya chini ikifungwa vizuri itadumu kuliko ya gharama iliyofungwa ovyo. Ila nina mipaka miwili. Wa kwanza ni bahari. Ukikaa Shangani, upepo wa chumvi unazila zile pezi nyembamba za alumini kwenye mashine ya nje, na mashine nyingi za rahisi hazina rangi ya kuzikinga. Huko urahisi ni wa muda mfupi, na stendi ya chuma iliyoshika kutu juu ya kichwa cha mpita njia ni hatari.

Wa pili ni umeme, na hapa sina huruma. Nimeona kiyoyozi kimechomekwa kwenye soketi moja na friji, waya mwembamba ukiwa wa moto mkononi, ethi, waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, haipo. Kazi ya kutandaza nyaya inahitaji leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na inastahili kuihitaji, maana kosa lake linaweza kuchoma nyumba watu wakiwa wamelala.

Kilichobaki ni mafunzo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia mtaani, kuwaongezea wanachopungukiwa na kuwapa cheti. Utaratibu huo uwafuate mafundi wa friji mpaka Masasi, Newala na Nachingwea. Wauza duka nao wana deni: anayepata faida kwenye kiyoyozi anaweza kununua pampu moja na kuwaazima mafundi anaowaita kila siku.

Kwa jirani tulipata fundi mwenye pampu kutoka Lindi. Akamwita yule kijana amsaidie. Walikata ncha ya bomba iliyopasuka, wakaitengeneza upya, wakawasha pampu. Ikanguruma nusu saa nzima huku sisi tukinywa chai, kisha wakaizima na kukaa wanaitazama geji. Mshale haukusogea. Kijana akauliza pampu ile inauzwaje, akaiandika bei kwenye simu yake. Jirani akalipa bila kupunja.